Kiingereza Kigumu ni Kipi?

Ndugu zetu wengi, hasa vijana wa matawi, wanatujia na ombi moja: wafundishwe Kiingereza cha juu. Ombi hili ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini kila tukiuliza ni Kiingereza gani hicho, twaonyeshwa daftari lililojaa maneno marefu kama gari moshi, yaliyonakiliwa katika vijitabu vinavyouzwa kando ya njia. Mwenye daftari ameyakariri yote. Siku ya mkutano husimama akayamwaga moja baada ya jingine, wazee wakampigia makofi kwa adabu, naye akaketi bila mtu kujua amesema nini. Na tukisema kweli, mara nyingine hata yeye hajui.

Hatumcheki. Sisi wenyewe, katika chuo cha ualimu tulichosomea, tulipewa maneno ishirini kila Jumatatu na kupimwa kila Ijumaa. Jumatatu ya pili yalikuwa yamekwisha toka kichwani ili kuwapisha wenzao. Twaungama kwamba tulimaliza chuo tukijua tafsiri ya maneno mengi tusiyoweza kuyatumia hata kuomba chumvi mezani.

Maoni yetu ni haya: Kiingereza kigumu hakimo katika maneno marefu. Neno refu halidhuru sana, maana likikutokea unashtuka, ukafungua kamusi. Neno la kuogopwa ni lile dogo unalodhani unalijua, ukalipita kama unavyompita jirani yako barabarani.

Tarehe 30 Oktoba 1888, huko Bulawayo, Lobengula mfalme wa Wandebele alitia alama yake katika karatasi iliyoletwa na Charles Rudd na wenzake wawili, wajumbe wa Cecil Rhodes. Aliahidiwa paundi 100 kila mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000, na mashua yenye mizinga katika mto Zambezi. Kwa mdomo aliambiwa kwamba hawataletwa Wazungu zaidi ya kumi kuchimba. Ahadi hiyo haikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba wenye karatasi wamepewa madini yote ya ufalme wake, pamoja na uwezo kamili wa kufanya kila jambo ambalo wao wenyewe wataona ni la lazima ili kuyapata. Na neno la Kiingereza lililobeba huko "kuona" ni "deem".

Herufi nne tu. Mwanafunzi akiuliza maana yake huambiwa "kuona, kuhesabu kuwa", kisha darasa likaendelea mbele. Lakini swali la kuuliza hapo ni moja: nani ndiye aonaye? Si mfalme. Wakiona barabara ni lazima, basi ni lazima. Wakiona ngome ni lazima, basi ni lazima, na askari wa kuilinda. Mwaka 1889 Lobengula aliikana karatasi ile, na wajumbe wake walifika mpaka London kwa Malkia Victoria. Mwaka uo huo kampuni ya Rhodes ikapewa hati ya kifalme. Mwaka 1890 msafara wenye silaha ukaingia nchi ya Washona. Mwaka 1893 vita ikamtoa Lobengula katika mji wake.

Hatusemi kwamba kamusi ingemzuia Rhodes. Ajaye kwa hila akikosa njia hii huitafuta nyingine. Twasema kwamba "deem" ana ndugu zake, nao wangali hai. Mchukue kijana anayekwenda kufanya kazi Ghuba, au mkulima anayetakiwa kukodisha shamba la ukoo kwa kampuni. Karatasi ya Kiingereza iliyo mbele yake huenda ikasema mwajiri atakata mshahara "as he sees fit", yaani apendavyo. Au kampuni itaamua "at its sole discretion", yaani pasipo kumwuliza mtu. Huenda ikasema atalipwa nauli "subject to" kibali cha fulani. Kijana wetu alifundishwa shuleni kuwa "subject" ni somo, kama hesabu au jiografia. Hajui kwamba hapo maana yake ni "ila kwanza fulani akubali". Huenda tena ikasema mwajiri "may" kumpa likizo, naye "shall" kufanya kazi siku sita. "May" humpa mtu hiari, na "shall" humfunga. Hiari imekaa upande mmoja na kamba upande wa pili, na hakuna neno refu hata moja katika karatasi yote.

Wako wanaokata tamaa wakiona maneno madogo ya Kiingereza yakigeuka-geuka hivyo. "Put" ni kuweka. Lakini "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put up with" ni kuvumilia. Husema lugha hii haina utaratibu. Tunawaomba wajiulize: Mzungu anayejifunza Kiswahili afanyeje na neno letu "piga"? Anafundishwa siku ya kwanza kuwa ni kuchapa. Siku ya pili anasikia twapiga picha, twapiga pasi, twapiga hodi, twapiga kura; jioni anasikia jirani apiga chuku, na mwingine apiga moyo konde. Hakuna aliyeumizwa hata mmoja! Sisi hatukuyajifunza hayo katika orodha. Tuliyasikia kila moja pamoja na mwenzake, mahali pake, mara nyingi, mpaka yakawa yetu. Basi na maneno ya Kiingereza hayajifunziki kwa njia nyingine. Neno halina budi kuchukuliwa na jamaa zake. Anayeandika "decision ni uamuzi" ameandika nusu. Aandike kwamba Mwingereza husema "make a decision", asije akatafsiri "kutoa uamuzi" neno kwa neno akachekwa na karani.

Kamusi ya kumsaidia mwanafunzi wa namna hii ipo. A. S. Hornby na wenzake wawili waliitunga Japani kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiingereza. Ikachapwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa mwaka 1948. Wema wake ni kwamba hueleza neno kwa maneno mepesi na kuonyesha jinsi linavyokaa ndani ya sentensi. Imetolewa upya mara nyingi, na siku hizi hufunguliwa hata katika simu ya mkononi. Mwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili asiitupe. Aitumie mwisho, kujihakikishia.

Lakini kamusi peke yake haitoshi. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada kwahitaji jamii za maneno 8,000 mpaka 9,000. Kwa mwendo wa chuo chetu, maneno ishirini kila juma, hiyo ni miaka minane, tena kama hakuna hata moja litakalosahauliwa! Hapana njia ila kusoma: habari, hotuba, hadithi, kila siku kidogo, ili neno lile lile likurudie mara ya tano na ya kumi likiwa limevaa nguo nyingine. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka 1969, akiwa Rais mwenye kazi za kutosha, alitoa toleo jipya alilolisahihisha. Ikiwa yeye aliona inafaa kurudia, kijana wa tawi asione haya kuisoma barua moja mara tatu.

Iko pia misemo ya adabu, nayo imewapoteza wajumbe wengi. Mwingereza akisema "with due respect", jiandae, maana anakuja kukupinga. Akisema "we shall bear it in mind", yaelekea faili linakwenda kabatini. Tumewaona wajumbe wakirudi kutoka ofisini wakishangilia neno hilo kana kwamba wamepewa kisima. Na hata wenye lugha hujikwaa. Churchill amesimulia jinsi wakuu wa majeshi ya Uingereza na Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno "table". Kwa Waingereza ni kulileta jambo lizungumzwe sasa. Kwa Wamarekani ni kuliweka kando. Wote walitaka jambo lile lile, na waligombana.

Jambo la mwisho ni zito kidogo, na wahusika watuwie radhi. Misemo hii tunajifunza ili tuelewe tunayoambiwa na kuandikiwa. Hatujifunzi ili tuje kuwatisha mama zetu na wazee wetu mikutanoni. Msemaji anayeingia tawini na Kiingereza ili asiulizwe maswali anafanya kazi ile ile iliyofanywa na karatasi ya Bulawayo. Mwenyekiti amsimamishe, amwambie aseme upya kwa Kiswahili. Akishindwa kukifasiri alichosema, na aketi.

Twashauri kila tawi lenye mwalimu lifungue darasa la jioni, hata mara moja kwa juma, na badala ya orodha ya maneno zisomwe karatasi halisi: barua za ofisi, fomu za mikopo, mikataba ya kazi na ya ardhi. Kila "may" ipigiwe mstari, kila "subject to" iulizwe ni kibali cha nani. Na mwanachama aliyepewa mkataba akahimizwa autie sahihi leo leo, aombe siku mbili, aje nao darasani.