Chombo cha Kale Hutunzwa kwa Kusafiri

Wako watu wanaodhani kwamba kukitunza chombo cha kale ni kukifunga gatini, kukipaka rangi, kukitundikia kibao cha maelezo na kutoza kiingilio. Huo si utunzaji, ni maziko ya heshima. Chombo hutunzwa kwa kusafiri, nacho hakisafiri ila wapatikane watu wa kukihudumia bila kutaraji ujira. Hilo ndilo ninalowausia vijana leo.

Utazameni mji wa San Diego, Marekani. Bandarini pale imo merikebu ya chuma iitwayo Star of India, iliyoundwa mwaka 1863 katika Kisiwa cha Man. Imekwenda India kwa biashara, imepeleka wahamiaji New Zealand, imebeba samaki wa makopo kutoka Alaska, na haijapata kutiwa injini hata siku moja. Iliachishwa kazi mwaka 1923, kisha ikapelekwa San Diego ili iwe makumbusho. Fedha zikakosekana, vita vikaingia, kutu ikaila.

Mwaka 1957 akafika Alan Villiers, nahodha na mwandishi wa Australia, akaiona hali yake, akawasuta wenyeji hadharani. Huyo ndiye yule aliyepanda jahazi la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden, mwishoni mwa 1938, akashuka na kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji penye boriti za mikoko. Alijua thamani ya chombo kinachokwenda kwa upepo. Maneno yake yakawachoma watu, kazi ya kuifufua ikaanza, na tarehe 4 Julai 1976 merikebu ikatweka matanga tena.

Mabaharia wake wa leo ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine mjini. Hufanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya safari za siku chache tu. Mgeni hakimbilii usukani. Huanza na msasa na brashi ya rangi, kisha kamba. Kila kamba ina kigingi chake ukingoni mwa sitaha, naye sharti aijue hata gizani, kwa maana kuilegeza isiyostahili ni kumhatarisha mwenzake aliye juu. Ndipo apandapo mlingotini, miguu juu ya kamba, tumbo limeegemea foromali, akikunja tanga. Sheria ya huko juu ni ya mabaharia wa tangu zamani: mkono mmoja wa chombo, mkono mmoja wa nafsi yako.

Watasema wengine kwamba kazi isiyo na malipo ni ujinga. Nawauliza: ujuzi huo unauzwa duka gani? Na ni wapi pengine bwana mkubwa na karani wake huvuta kamba moja kwa sauti moja, bila mtu kuuliza cheo cha mwenziwe? Lakini haki nayo itazamwe. Baharia anayeishi kwa mgawo wa nauli asinyang'anywe riziki na kijana aliyekuja kujifunza.

Wengine watasema bahari ina hatari. Ni kweli, na ndiyo maana hujifunzwa kwa nidhamu, chini ya mwalimu, si kwa ubishi.

Sisi hatuna haja ya kwenda California. Matondoni, huko Lamu, ni kijiji chenye sifa ya uundaji wa majahazi. Pwani yetu bado ina wazee wajuao kukalafati mbao, kubisha, na kusoma upepo kwa rangi ya maji. Wakiondoka bila warithi, vitabu havitatufaa, kwani tanga halitwekwi kwa kusoma.

Basi, kijana mwenye likizo, jifunze kuogelea kwanza, kisha mwendee nahodha kwa adabu, umwombe akupokee. Kubali kufua maji na kusugua sitaha kabla ya kutaka usukani. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wazazi, msiwazuie. Nanyi wakuu wa makumbusho, fedha mnayokusudia kununulia kabati la kioo, nunulieni kitambaa cha tanga na vifaa vya kujiokolea. Chombo kimoja kinachokwenda, kikiwa na wanafunzi wanaotoka jasho, kina faida kuliko kumi vya kutazamwa.