Bandari iko Lamu, lakini swali liko Garissa

Kijana wa Waberi, ukisikia bandari ya Lamu usidhani ni habari ya wavuvi peke yao. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na barabara yake inapita Ijara mpaka hapa Garissa, katikati ya malisho ya ngamia na ng'ombe wetu.

Wavuvi wa Lamu hawakungoja kuhurumiwa. Walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu wa Lamu pia walipinga mtambo wa makaa ya mawe, na 2019 leseni yake ikafutwa.

Sisi je? Utajiri wetu ni mifugo, na mifugo ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali kabla mwekezaji hajapewa ardhi hiyo. Lakini isiposajiliwa, inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu.

Basi leo ukifika nyumbani, muulize mzee: ardhi yetu imesajiliwa? Kama bado, tunangoja nini?