Hatuhitaji chama kimoja, tunahitaji kaye moja

Wanafunzi wenzetu, wandugu na dada wa Lubumbashi na wa miji yote ya Kongo,

Tangu wiki mbili, mlango wa ukumbi wa wanafunzi kwenye kampasi moja ya hapa mujini uko na kufuli kubwa. Juu ya mlango viongozi wa chuo wamebandika karatasi: umefungwa kwa sababu ya usalama. Hatutaji jina la chuo. Si woga. Ni kwa sababu kila mwanafunzi atakayesoma haya, akiwa Likasi, Kolwezi, Kalemie ao Bukavu, atasema: hawa wanaongea juu ya kwetu.

Tuseme kwanza kilichotokea, maana mingi imesemwa na nusu yake ni uongo.

Jumamosi ile, saa nane, vikundi vitatu vilifika kwenye mlango mmoja. Kwaya ilikuja na vyombo vyake vya muziki. Wanafunzi wa jimbo moja walikuja kupokea wapya wao, na sambusa na sukari ya chupa tayari kwenye meza. Wajumbe wa promosio walikuja kuandika barua ya pamoja juu ya minervali, kuomba wanafunzi walipe kwa sehemu, kwa sababu wazazi wengi hawajalipwa mushahara. Kila kikundi kilikuwa na ruhusa. Kimoja kilipewa na mulinzi, kingine na memba wa komite ya wanafunzi, kingine na karani wa ofisi. Hakuna aliyedanganya. Kila mutu alipewa neno na mutu wake, na neno halikuandikwa popote.

Baada ya dakika kumi, sauti moja ikatoka nyuma: "Hii sale iko ya batu ya kwetu, bale baende kwabo." Kiti kikaruka. Kilimuangukia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa kwenye kona akisoma, kwa sababu kule anakolala umeme hauonekani siku nne kwa wiki. Walimushona nyuzi sita kichwani. Hakuwa memba wa kwaya, wala wa mutuweli, wala wa komite. Alifuata taa tu.

Barua ya minervali haikuandikwa. Jumatano siku ya mwisho ya kulipa ilipita. Alhamisi majina yakatoka, na waliokosa wakabaki nje ya mtihani. Huo njo hasara ya kweli ya Jumamosi ile. Viti vitatengenezwa. Mwaka wa masomo wa mutoto wa muchuuzi wa makala hautatengenezwa na fundi.

Sasa, nani ana kosa?

Viongozi wa chuo wana lao, na tunalisema bila kuzunguka. Kufunga mlango ni kazi rahisi ya mutu asiyetaka kupanga. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 25, inalinda haki ya kukutana kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuunda vyama. Hakuna kifungu kinachosema kwamba kama watu kumi wamepigana, maelfu wanyimwe mahali pa kukutana na pa kusoma. Kama ni hivyo, soko zote za Lubumbashi zingekuwa zimefungwa zamani.

Lakini kufuli hii, sisi wanafunzi tulisaidia kuinunua. Na tunaposema sisi, tunajihesabu. Mwaka muzima harakati yetu ilikutana kwenye ukumbi ule kila Jumatano jioni. Nani alitupa Jumatano? Rafiki yetu aliyekuwa anashika ufunguo. Hatukuandika ombi. Hatukuuliza nani mwingine anataka siku hiyo. Tulikaa ndani tukiongea juu ya utawala bora na uwazi wa feza za serikali, na mlango tuliupata kwa njia ileile ambayo mukubwa wa Kinshasa anapata mashamba na migodi: kwa kujuana. Tunaomba radhi kwa wote waliofika Jumatano na kukuta mlango umefungwa ndani. Tangu leo Jumatano si yetu.

Kuna wandugu wanaotuambia: dawa ni moja, tufute vikundi vyote, tubaki na chama kimoja cha wanafunzi na prezida mmoja. Tunawauliza: mumesahau historia yetu ao hamukufundishwa?

Mwaka 1961 wanafunzi wa Kongo waliunda UGEC, muungano wao wa nchi nzima, wao wenyewe, kwa mapenzi yao. Ulisema mambo ambayo Mobutu hakutaka kusikia. Mwaka 1968 aliufuta, na mahali pake akaweka vijana wa chama chake, JMPR. Umoja ulikuwepo kabisa, lakini ulitoka juu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa walitembea barabarani kudai maisha bora na neno lao katika uongozi wa chuo, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kukumbuka wafu wao, chuo cha Lovanium kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Njo matunda ya chama kimoja. Hatutaki kukirudisha kwa mukono wetu wenyewe kwa sababu ya ugomvi wa viti.

Wengine wanasema kinyume: kila mutu akae na watu wa kwao, amani itakuja. Hawa ni wa hatari zaidi, na hapa Lubumbashi hakuna anayeweza kusema hakujua. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, umeme ulikatwa kwenye kampasi ya Lubumbashi, na watu wenye silaha wakaingia kwenye nyumba za wanafunzi. Mashahidi walieleza kwamba wavamizi walikuwa na neno la siri, na aliyejua kulijibu, kwa sababu ya kule alikotoka, alipita. Wengine hawakupita. Serikali ilikubali mufu mmoja tu. Wengine walisema makumi, wengine mamia, na hesabu ile haijafungwa mpaka leo. Miaka miwili baadaye, jirani aliambiwa arudi kwao, na familia za Wakasai zikalala kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi zikingoja gari.

Hatusemi kwamba kiti kilichoruka Jumamosi ni sawa na usiku ule. Tunasema kwamba maneno "bale baende kwabo" tunayafahamu, na tunajua yanafikaga wapi yakiachwa yatembee.

Na hata hivyo hatuombi mutuweli zifutwe. Tuseme ukweli: mwanafunzi akifiwa, nani ananunua sanduku? Mutuweli. Muzazi akichelewa kutuma feza na mutoto analala na njaa, nani anapika fufu? Mutuweli, ao kikundi cha maombi. Chuo hakiko, serikali haiko. Mutuweli iendelee na kazi yake. Kitu kimoja tu isifanye: isimiliki mlango wa wote.

Kwa hiyo neno letu ni fupi. Hatuhitaji chama kimoja. Tunahitaji kaye moja.

Kaye moja ya kurasa mia mbili, imefungwa na kamba pembeni ya mlango. Kila ukurasa wiki moja. Ndani yake siku, saa, jina la kikundi, na jina la mutu atakayefagia na kufunga. Inaandikwa na biki, si na kalamu ya risasi, na kinachofutwa kinapigwa mustari mmoja ili kila mutu aone kilikuwa nini na nani alikifuta. Anayeandika wa kwanza anapata. Hakuna kikundi kinachopata zaidi ya mara moja kwa wiki mpaka wengine wote wamepita. Kila Jumapili jioni ukurasa unapigwa picha na kutumwa kwenye WhatsApp za promosio zote. Mutu akipasua karatasi, picha inabaki kwenye simu mia tano.

Tangu saa kumi na mbili jioni ukumbi uwe wa kusoma tu, siku tano kwa wiki, na wakati wa mitihani siku zote saba. Hakuna kwaya, hakuna mukutano, hata wetu. Wengi kati yetu hawaingiaga pale kwa ajili ya kikundi. Wanafuata taa. Hao ni wengi kupita vikundi vyote pamoja, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu, kwa sababu hawana prezida wala fulana ya rangi moja.

Funguo zishikwe na watu watatu: mmoja anatoka kwa wajumbe wa promosio, mmoja kwa mutuweli na vikundi vya dini, mmoja kwa wanafunzi wasio na kikundi. Angalau mmoja kati yao awe dada. Wanafunzi wa kike wanajua mikutano inayoanza saa kumi na moja na kumalizika usiku, na njia ya kurudi haina taa. Ratiba inayopangwa na wanaume peke yao inasahauga giza.

Hao watatu wakae miezi minne, kisha waondoke. Hakuna muhula wa pili. Msicheke. Mwezi wa Desemba 2016 vijana wa nchi hii waliingia barabarani kusema muhula wa prezida umeisha tangu tarehe 19, na watu wakafa Kinshasa, hapa Lubumbashi na miji mingine. Leo kwenye kampasi zetu kuna maprezida wa komite waliomaliza masomo, wanaongoza mwaka wa tatu, na wanasema uchaguzi haujapangwa kwa sababu feza hazipo. Wimbo ule tuliusikia. Tuliukataa kwa mukubwa, sherti tuukatae kwa rafiki yetu.

Kisha kuna feza. Ukumbi unahitaji balbu, sabuni, ufagio, kitasa. Kila kikundi kitoe kidogo, na hesabu ibandikwe ukutani kila Jumamosi, hata kama ni franga mia tano. Na viti? Kila mutu anajua viti vipya vilitoka wapi, maana picha ya depite iko mugongoni mwa kila kiti. Tangu vifike, vijana wake wanaingia pasipo kuomba. Wandugu, hatusemi tukatae viti. Matako yanauma kwa kukaa chini. Tunasema zawadi iandikwe kwenye kaye, picha itolewe, na mutoaji asipate hata saa moja ya ziada. Kama hawezi kutoa bila picha, hakuwa anatoa. Alikuwa ananunua.

Mutu atasema: hii yote ni mambo madogo, nchi iko na vita, watu wanakufa Mashariki, na ninyi munaandika juu ya kaye na ufagio. Tunajibu: ni kweli, tuna wandugu Goma na Bukavu ambao leo hawawezi hata kukutana watu kumi. Njo maana tusipoteze mahali tulipo napo. Barua moja ya minervali imetushinda kuandika kwa sababu tulipigania mlango. Siku ya jambo kubwa tutafanya nini? Mutu asiyeweza kupanga Jumamosi moja na jirani yake, asituambie ataipanga Kongo.

Tunayoomba:

1. Viongozi wa chuo wafungue ukumbi, na walipe matibabu ya mwanafunzi aliyeumia. Wasiandike ratiba mahali petu, na wasitoe tena ruhusa ya mudomo kutoka ofisini.

2. Wanafunzi waliokosa mtihani wapewe nafasi ya kulipa kwa sehemu na kufanya mtihani. Barua itaandikwa wiki hii, na mara hii itakuwa na sahihi za wote.

3. Komite ya wanafunzi irudishe funguo zote ilizo nazo, pamoja na zile zilizochongwa kwa siri sokoni. Ipange uchaguzi kabla ya mwisho wa semesta.

4. Kila mutuweli, kwaya, kikundi cha maombi, timu na harakati itume watu wawili kwenye mukutano wa kwanza. Asiye na kikundi aje mwenyewe. Ana haki sawa na prezida yeyote.

Mukutano utakuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, nje, chini ya muembe ulio mbele ya mlango uliofungwa. Hatutavunja kufuli, hatutatupa jiwe. Kaye tumeshanunua. Ukurasa wa kwanza uko mweupe, na harakati yetu haitaandika jina lake mpaka wengine wote wameandika.

Kila mutu aje na biki yake.