Mnaoshangilia ndege ya uani, mmeiona breki yake?



Wale mliobaki hosteli mnaonidai stori za BTP, nipo, sijapotea. Kampasi imenihamia Raskazone kwa mama mdogo, chumba cha uani, na hapa ninaandika huku upepo wa bahari unanipeperushia maandalio ya somo. Nilitaka kuwaandikia habari za kuogelea, lakini wiki hii nimekwama kwenye jambo moja ambalo haliniachi: breki za ndege. Msicheke kwanza.

Ilianza Jumanne, kipindi cha fizikia baada ya mapumziko, mada ya kanieneo. Nimeandika ubaoni kanuni ya Pascal, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, darasa zima likaiimba kama kwaya. Nikauliza nani anaweza kunieleza kwa maneno yake mwenyewe. Kimyaaa. Halafu dawati la nyuma kijana mmoja, ambaye jalada la daftari lake limejaa michoro ya ndege, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ndege ya kujijengea nyumbani, ikishatua inasimamishwa na nini?" Nikamwambia breki. "Breki ya kwenye bawa au ya kwenye tairi? Na rubani anaikanyaga wapi?" Nikatoa lile jibu la walimu wote waliobanwa: tutaliona kipindi kijacho.

Huyu dogo hatanii. Ameona kwenye simu watu wanaojenga ndege uani na ameshaamua naye atajenga. Nikaona nikimdanganya huyu nitakuwa nimefanya dhambi, basi nikaenda kusoma.

Kumbe breki ya ndege ndogo ni ndugu wa breki ya gari, tena ndugu wa tumbo moja. Juu ya pedeli za usukani wa mkia kuna sehemu ya kukanyagia kwa vidole vya mguu. Mguu wa kushoto ni breki ya tairi la kushoto, wa kulia ni la kulia, na kila upande una masta silinda yake na paipu yake mpaka kwenye kalipa. Katika ndege nyingi za kujiundia gurudumu la mbele linajizungukia tu lenyewe kama la toroli, kwa hiyo ukiwa chini kwenye mwendo mdogo breki hizo ndizo usukani wako. Paipu ya kushoto ikivuja, ukikanyaga zote mbili ndege haisimami vizuri, inageukia kulia. Kulia kuna nini? Mtaro, au watu waliokuja kushangilia.

Nilipiga na hesabu, maana ndiyo kazi niliyosomea. Chukua ndege ya kilo 600 inayotua kwa kilomita 80 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni kama kilojuli 148. Hiyo inatosha kuchemsha nusu lita ya maji kutoka nyuzi 30, yaani birika dogo la chai. Siyo yote inakwenda kwenye breki, hewa nayo inasaidia, lakini ukiwa na kiwanja kifupi sehemu kubwa inaishia kwenye diski mbili nyembamba na pedi zake. Na kinachobeba amri kutoka kwenye vidole vyako mpaka kwenye hizo diski ni mafuta kidogo ndani ya paipu isiyozidi unene wa penseli.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini suala hili limenigusa. Mjomba wangu ana gereji Ngamiani, na likizo nyingi nimeshinda pale nikipaka grisi. Mwaka juzi aliniachia pikapu ya mteja nibadilishe paipu ya breki ya nyuma iliyoliwa na kutu (bahari tunaisifia, ila vyuma vya Tanga vinaijua vizuri). Nikafunga paipu mpya, nikatoa upepo, pedeli ikakaza, nikajiona fundi. Kumbe wakati natoa upepo nilisahau kuongeza mafuta, kikopo kikakauka, nikavuta hewa nyingine ndani bila kujua. Tukaitoa kwenda kuijaribu njia ya Bombo kuelekea Raskazone. Kanyaga ya kwanza nzuri. Ya pili laini kidogo. Ya tatu mguu ukazama mpaka chini kama umekanyaga sifongo, mbele yetu mama na baiskeli yake ya ndizi. Mjomba alivuta breki ya mkono, tukaishia kwenye mchanga pembeni. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Mjomba, upepo unabanika, mafuta hayabaniki. Rudi ukatoe upepo."

Hiyo ndiyo kanuni ya Pascal, jamani! Mafuta hayabaniki, basi msukumo wa mguu unafika wote upande wa pili. Ukisukuma pistoni ya sentimita mraba 2 kwa nguvu ya nyutoni 200, pistoni ya sentimita mraba 10 upande wa pili inasukuma kwa nyutoni 1,000. Likiingia povu la hewa, mguu wako unafanya kazi ya kulibana povu badala ya kubana diski. Niliimba kanuni ile miaka minne sekondari nikaielewa ndani ya sekunde mbili kwenye mchanga wa barabarani.

Ila pikapu ilisimama kwa breki ya mkono. Ndege ndogo kwa kawaida haina breki nyingine ya kukimbilia.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mafundi wetu wanaweza kila kitu, wapewe nafasi tu. Wanaweza, sikatai. Lakini kuna mambo ambayo ujanja wa gereji unakuponza kwa sababu yanafanana mno na unayoyajua. Mdomo wa paipu, kwa mfano. Paipu ya breki ya gari inatanuliwa mdomo kwa nyuzi 45. Fitingi za ndege zinataka nyuzi 37. Kwa macho huoni tofauti, nati inaingia, inakaza, unaondoka unapiga mluzi. Lakini mdomo haujakaa sawasawa, na paipu yenyewe ni ya aluminiamu laini, ukiilazimisha kwa spana inapata ufa ambao utaonekana siku utakayoihitaji. Mafuta nayo vilevile. Ndege nyingi ndogo zinatumia mafuta mekundu ya asili ya petroli, yale ya namba 5606. Ya gari, DOT 3 na DOT 4, asili yake ni glaikoli. Mipira ya ndani ya silinda imetengenezwa kwa aina moja au nyingine. Ukikosea, mpira unavimba au unaharibika taratibu, breki inang'ang'ania au inavuja. Hata utoaji upepo, kwenye ndege watu wengi husukuma mafuta kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu, maana hewa yenyewe inapenda kupanda. Sisi gereji tunakanyaga kutoka juu.

Hivi vitu havihitaji akili nyingi kuliko tulizo nazo. Vinahitaji mtu akuambie.

Tazameni sasa tunavyowatendea wanaojenga. Mwaka 2011 Chris Nsamba wa Uganda alitangazwa hadi nje ya Afrika kwa ndege aliyokuwa anaijenga na wenzake nyuma ya nyumba ya mama yake, Kampala. Kenya kuna Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta wa Nyeri, aliyejenga ndege kwa kujisomea intaneti. Kwetu tumeona helikopta za kujiundia, Arusha na Tunduma. Kila mara ni hadithi ileile: picha, kamera, kiongozi anapewa kiti, na swali moja tu, "Itaruka?" Ikiruka shujaa, isiporuka kichekesho. Sikumbuki kusoma habari hata moja ambayo mwandishi aliinama akauliza itasimamaje. Wale ndugu wa Marekani walioruka mwaka 1903 hawakuwa hata na matairi, walitua kwa mbao kama za sleji kwenye mchanga, kwa hiyo swali hilo wao halikuwahusu. Sisi linatuhusu.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani mtu akitaka kusajili ndege kama aliyoijenga mwenyewe, lazima ionekane kazi kubwa, zaidi ya nusu, imefanywa na wasio wa kiwanda, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Anaweka kumbukumbu na picha za kila hatua, na inakaguliwa kabla ya kupewa cheti. Kampuni moja tu ya Oregon, Van's Aircraft, imeuza masanduku ya vipande ambayo yamezaa ndege zaidi ya 11,000 zilizoruka. Uingereza kuna chama, Light Aircraft Association, ambacho wakaguzi wake wanamfuata mjenzi hukohuko kwenye banda lake na kuweka saini hatua kwa hatua, kabla paipu hazijafunikwa. Hilo la kabla hazijafunikwa ndilo ninalolipigia kelele.

Na sisi siyo kwamba hatuna kitu. Morogoro kuna Airplanes Africa Limited waliounganisha ndege za viti viwili aina ya Skyleader, asili yake Jamhuri ya Czech. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar kinafundisha mafundi wa ndege. TCAA ipo kusimamia usalama wa anga. Maoni yangu: mtu akitangaza anajenga ndege uani, asiende mwandishi wa habari kwanza, aende fundi wa ndege na wanafunzi wawili wa chuo. Wasiende kumkamata wala kumpigia makofi. Wakashike paipu, waangalie mdomo, waulize mafuta gani, waandike kwenye daftari. Warudi baada ya miezi mitatu.

Mjomba nilipomweleza aliguna. "Ukileta mkaguzi umeleta na mkono wake." Ana hoja, na sina jibu zuri kwake zaidi ya kumwambia kwamba mwanafunzi anayetafuta maksi za mafunzo kwa vitendo ana njaa tofauti na ya mkaguzi. Akacheka.

Mwalimu mwenzangu wa BTP yeye ana pingamizi lingine: mtihani hauulizi mafuta ya breki, kwa nini nawapotezea watoto muda? Nimelifikiria sana hili, maana alama zangu za BTP zinategemea nimalize mada. Lakini yule dogo wa dawati la nyuma atajenga kitu, nifundishe nisifundishe. Kama si ndege itakuwa bajaji, na atafunga paipu ya breki na kumpandisha mdogo wake. Kama mimi mwalimu wake wa fizikia sikumwonyesha povu la hewa linavyoiba nguvu ya mguu, nani atamwonyesha? Mchanga wa barabarani?

Basi mjomba ameniazima masta silinda kuukuu, kipande cha mpira unaoonyesha mafuta ndani na kalipa ya pikapu. Nimefunga vyote kwenye ubao hapa uani, mama mdogo analalamika harufu. Jumanne nitawapa wakanyage bila upepo, kisha niingize povu moja wakanyage tena, na atakayeeleza tofauti aeleze kwa Kiswahili, halafu ndiyo tutaiandika kwa Kiingereza. Msimamizi kutoka chuoni anaweza kutokea siku hiyohiyo, hawatoi taarifa hawa. Ombeni isivuje mbele yake, maana Jumatano asubuhi mjomba anataka kalipa yake.