Edmonton inawauza mabeki wake wa kesho

Tarehe 20 Agosti 2024, chini ya miezi miwili baada ya kupoteza mchezo wa 7 wa fainali ya Kombe la Stanley mbele ya Florida Panthers, klabu ya hoki ya barafuni ya Edmonton Oilers ilimwachia beki wake Philip Broberg aende St. Louis Blues. Tunaliita tukio hilo kwa jina lake: uzembe. Tunapiga kengele kwa sababu halikuwa la kwanza, na hatuoni dalili kwamba litakuwa la mwisho.

Broberg, kijana wa Örebro nchini Sweden, alichaguliwa na Oilers akiwa wa 8 katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2019. Kwa miaka mitano klabu ilimlea, sehemu kubwa ya malezi hayo ikiwa Bakersfield, California, ilipo timu yake ya kukuzia vijana. Msimu wa 2023/24 alipewa michezo 12 tu ya ligi kuu ya hoki, NHL, kabla ya hatua ya mtoano. Mambo yalipokuwa magumu dhidi ya Dallas katika nusu fainali ndipo alipokumbukwa. Akaingia, akafunga bao katika mchezo wa 5, na hakutoka tena kikosini hadi fainali ilipomalizika. Hapo alikuwa ameshaiva.

Sheria za NHL huruhusu klabu nyingine kumwekea mezani mkataba mchezaji kijana ambaye mkataba wake umekwisha, ingawa klabu yake bado ina haki naye. Klabu yake hupewa siku 7: ilipe mshahara huohuo au imwachie kwa fidia. Blues walimwahidi Broberg dola milioni 4.58 kwa mwaka, na mwenzake kijana wa Oilers, mshambuliaji Dylan Holloway, milioni 2.29. Jumla ni milioni 6.87. Oilers wakasema kikomo cha mishahara kimewabana. Lakini ni nani aliyewabana? Mwezi Julai walikuwa wamesajili washambuliaji wakongwe wawili, Jeff Skinner kwa milioni 3 na Viktor Arvidsson kwa milioni 4. Fedha hizo zingetosha kuwabakiza vijana wote wawili, na chenji ingebaki. Baada ya msimu mmoja Skinner na Arvidsson walikuwa wameshaondoka. Klabu ikakosa wakongwe, ikakosa na vijana.

Fidia nayo haikukaa. Machi 2025, nafasi ya uteuzi ya raundi ya pili iliyotoka St. Louis ilipelekwa Boston katika biashara ya kumpata mshambuliaji Trent Frederic, na pamoja nayo akaenda Max Wanner, beki mwingine chipukizi. Broberg, kwa upande wake, alimaliza msimu wake wa kwanza St. Louis akiwa na pointi 29 katika michezo 68. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Machi 2015 Oilers walimuuza Jeff Petry, beki waliyemchagua wenyewe mwaka 2006. Miezi michache baadaye, wakihaha kutafuta beki, walitoa nafasi mbili za uteuzi, ya 16 na ya 33, kumpata Griffin Reinhart. Reinhart aliichezea Edmonton michezo 29 tu, na ile nafasi ya 16 ikawapa New York Islanders mchezeshaji hodari Mathew Barzal. Mwaka 2016 pengo lilikuwa bado wazi, wakamtoa mshambuliaji Taylor Hall ili wampate beki Adam Larsson. Mwaka 2018 Hall akawa mchezaji bora wa ligi nzima akiwa New Jersey. Kiangazi cha 2021 waliwatoa mabeki vijana wawili, Ethan Bear na Caleb Jones. Jones aliondoka ili Duncan Keith aje, siku 4 kabla Keith hajatimiza miaka 38. Keith akacheza msimu mmoja, akastaafu.

Tunajua utetezi wa uongozi. Klabu haijatwaa kombe tangu 1990, nahodha Connor McDavid ana mkataba hadi 2028 tu, na ubingwa unatakiwa sasa. Hoja hiyo ndiyo inayotupa haki ya kupaza sauti. Evan Bouchard analipwa milioni 10.5 kwa mwaka na Darnell Nurse milioni 9.25, yaani mabeki wawili wanakula zaidi ya moja ya tano ya kikomo cha milioni 95.5 cha msimu wa 2025/26. Mwenye matumizi hayo hana budi kuwa na mabeki vijana, ambao mikataba yao ya kwanza ina mshahara wa msingi usiofika milioni 1. Bila wao, McDavid atazungukwa na wachezaji wa kukodi.

Na Edmonton inajua kulea. Bouchard alichaguliwa wa 10 mwaka 2018, akasubiriwa miaka mitatu kabla ya kupewa nafasi ya kudumu, kisha akapata pointi 32 katika mtoano wa 2024. Hata makombe matano ya enzi ya dhahabu yalisimama juu ya mabeki wa nyumbani: Kevin Lowe, aliyechaguliwa 1979, alikuwamo katika yote matano, na Paul Coffey, aliyechaguliwa 1980, katika matatu ya mwanzo.

Tunataka mambo matatu. Kila beki kijana anayekaribia mwisho wa mkataba asainishwe kabla ya Julai, kabla klabu haijagusa soko la wakongwe. Kila msimu, nafasi moja kati ya sita za ulinzi itengewe kijana kutoka Bakersfield, naye avumiliwe anapokosea. Na nafasi za uteuzi za raundi ya kwanza zisitolewe tena kwa mchezaji wa kukodi wa miezi mitatu. Uongozi ukiendelea kupuuza haya, wa kulaumiwa kombe litakapokosekana tena hatakuwa golikipa wala kocha. Watakuwa wao waliosaini karatasi.