KAKAO YA KYELA: MNADA TUMEUONA, MKAKATI UKO WAPI?

NDUGU msomaji, wewe unayeuza mitumba Mwanjelwa, wewe unayesukuma mkokoteni Kariakoo, wewe wa bodaboda pale Mbezi unayesubiri basi la Kyela liingie upate abiria: leo tunaomba dakika zako tano. Tunataka kuzungumza habari za kwenu. Kule kwa bibi kuna mali inayogombewa na matajiri wa Ulaya, na wewe mjukuu umeikimbia ukaja kubanana na sisi mjini.

Mali yenyewe ni kakao. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na kwa majirani zake wa Rungwe na Busokelo. Toka Kyela mjini nenda Ipinda mpaka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, utaiona imejificha chini ya migomba na miembe. Sisi wa mjini tunaijua Kyela kwa mchele unaonukia. Wazungu wanaijua kwa chokoleti.

Tuanze kwa kutenda haki, maana kuwa upinzani si kupinga kila kitu. Mwandishi wa tahariri hii amemwona bibi yake mzaa mama akiuza kakao mbichi kwa mtu aliyekuja na pikipiki na mizani yake mwenyewe. Mizani ile ilikuwa na tabia moja: haikuwahi kukosea kwa faida ya bibi, hata siku moja. Na bibi alikuwa hana pa kwenda. Mtoto anadaiwa ada, mgonjwa yuko kitandani, na mnunuzi ni yeye peke yake.

Ndipo ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, ikaanza kutumika kwenye korosho kule Kusini, na kakao ya Kyela ikaingizwa mwaka 2018. Mkulima anapeleka kakao kavu kwenye chama chake cha msingi, inapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakusanywa ghalani, na wanunuzi wanashindana mnadani. Fedha inapitia benki. Kwa hilo tunasema wazi: bora mnada wenye watu wengi kuliko mwenye pikipiki mmoja.

Lakini mnada si mkakati. Mnada ni mlango tu. Bei ikija juu inapita hapo, ikija chini inapita hapo hapo.

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani mwezi Aprili, na Desemba ikapita 12,000. Miaka miwili tu nyuma yake ilikuwa inachezea 2,400. Kyela watu wakaezeka nyumba, wakanunua pikipiki, wakalipa madeni. Tulifurahi pamoja nao. Ila kama kuna kigogo aliyekuambia kwamba neema ile ilitokana na busara zake, mwulize swali moja: mbona mwisho wa 2025 bei ilikuwa imeshuka hadi nusu ya hapo? Busara nazo zilishuka?

Ukweli ni huu. Ivory Coast na Ghana ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Kule mvua zilivurugika, ugonjwa ukala miti, na miti mingine imezeeka. Kakao ikaadimika, bei ikapaa. Kyela ilivuna kwa msiba wa jirani. Jirani akipona, sisi tunabaki na nini?

Wenzetu hao walijaribu kujibu swali hilo. Serikali ya Ghana ina kiwanda Tema, kilichoanza miaka ya 1960, kinachotengeneza chokoleti yake yenyewe. Mwaka 2019 Ghana na Ivory Coast zikakubaliana kuwatoza wanunuzi dola 400 za ziada kwa kila tani kwa ajili ya mkulima. Nao hawakufaulu kila mahali: bei ilipopaa 2024, mkulima wa Ghana alipata pungufu ya soko kwa sababu serikali ilikuwa imekwisha kuuza mapema. Mkulima wa Kyela hapo alimshinda. Lakini bei ikianguka, mkulima wa Kyela anaanguka nayo bila hata mkeka wa kuangukia. Mwaka wa neema ndio ulikuwa mwaka wa kuanzisha mfuko wa akiba ya bei.

Na tusisahau korosho. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwakataa wanunuzi, akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi likasombe mzigo. Bei ilikuwa nzuri, ila wakulima wengi waliisubiri fedha yao mpaka wakachoka. Amri ya jukwaani ilitangulia, maandalizi yakafuata nyuma yakihema.

Sasa kijana, shika kalamu tupige hesabu. Tangu 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kisheria analipa mnunuzi, lakini usidanganyike, naye anaupigia hesabu kabla hajataja bei. Chukua mfano: kilo ni shilingi 10,000, chama kimeuza tani 100. Ushuru wake ni shilingi milioni 30. Na sheria ya 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 4 ni za vijana. Kwenye milioni 30 hizo, fungu la vijana ni milioni 1 na laki 2. Hiyo ni kwa tani 100 tu! Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Je, umewahi kuuliza kikundi gani cha vijana kwenu kimepata?

Kazi ya kufanya ipo. Kule Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa tangu 2013 ikinunua kakao mbichi, ikiichachusha na kuikausha mahali pamoja ili ubora uwe mmoja. Kumbe kosa halikuwa ubichi wa kakao ya bibi. Kosa lilikuwa mizani na bei. Dar es Salaam kampuni ndogo kama Chocolate Mamas inatengeneza chokoleti kwa kakao ya nyumbani. Na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kila kakao ionyeshe shamba ilikotoka, kwa vipimo vya ramani, kuthibitisha haikukatiwa msitu. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini siku itafika. Nani atapima mashamba ya Ngonga na Ipinda? Simu yako hiyo hiyo unayochezea inaweza. Au tunangoja mtaalamu wa kulipwa posho atoke mbali?

Huo ndio mkakati tunaouulizia: kakao ichachushwe vizuri palepale, ipimwe na vijana wa palepale, sehemu yake isagwe palepale, na hesabu ibandikwe ukutani kila mtu aisome.

Serikali tunaiambia: msihesabu tani zilizouzwa, hesabuni kilichobaki Kyela baada ya lori kuondoka. Wanunuzi tunawaambia: mnaotaka kakao safi kesho, wekezeni leo.

Na wewe kijana, ukienda likizo usiishie kula wali wa bibi. Nenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, jiandikishe, omba karatasi ya mauzo, uliza kila makato yanakwenda wapi. Wakikuambia wewe ni wa mjini, wajibu kwamba shamba halina mjini. Asiyeuliza hesabu ya shamba lake, wajanja watamhesabia.