Mgonjwa wa kichaa cha mbwa habweki

Kuna imani iliyokita mizizi huko nyumbani kwamba mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa naye atabweka na kuwang'ata watu. Ingekuwa kichekesho tu kama isingeua.

Virusi ni vile vile, ila mwenendo ni tofauti. Mbwa hupoteza woga, huzurura ovyo na kuuma hata jiwe. Wengine hulegea taya wakajikunyata kimya. Lakini mbwa haogopi maji. Anayeogopa maji ni binadamu. Akiletewa kikombe koo hukaza kwa maumivu makali, na hata upepo ukimpuliza usoni hushtuka. Likipita hilo akili humrudia: anawatambua wanawe, anazungumza nao, anaomba maji yale yale asiyoweza kuyameza. Na kiasi cha mgonjwa mmoja katika watano hana fujo yoyote, hupooza taratibu mpaka mwisho.

Sasa fikirieni familia inayosubiri abweke. Virusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kwenda ubongoni, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na muda wote huo mtu ni mzima, anakwenda shambani. Akikataa maji wanasema amepandwa na shetani, wanamfunga kamba na kumpeleka kwa mganga. Kumbe haijathibitishwa hata mara moja kwamba mtu alimwambukiza mwenzake kwa kumuuma. Na dalili zikishatokea, awe Dodoma au London, karibu kila mgonjwa hufa.

Chanjo ipo tangu Pasteur mwaka 1885, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia. Haya ni mauaji ya umaskini na uzembe wa wakubwa, maana dawa yake hasa ni kuchanja mbwa. Pemba waliweza: ugonjwa ulitoweka 2014, ukaingia tena 2016, wakachanja tena na kufikia 2018 ukawa umekwisha. Bara wanangoja nini?

Nasi wa ughaibuni tunatuma pesa za matanga bila kuuliza. Ukipigiwa simu kwamba mtoto ameumwa, tuma nauli na bei ya sindano siku hiyo hiyo, na mwambie mama yake aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 kabla hawajatoka nyumbani.